Namungo msimu ujao: fedha ya Desemba ndiyo itakayolipa Aprili

Ukurasa huu kwa kawaida hushughulika na bei za ufuta, korosho na mbaazi, pamoja na nauli za malori. Wiki hii tunaweka mezani bidhaa ya aina nyingine, nayo ni timu ya soka ya Namungo ya Ruangwa. Wafanyabiashara wengi wa mkoa wa Lindi, kuanzia Somanga na Nangurukuru hadi Mtama na Nachingwea, wameweka fedha zao karibu na timu hiyo pasipo kuiita biashara ya mpira. Mwenye nyumba ya kulala wageni Ruangwa, mwenye basi dogo Lindi mjini, mama lishe wa Nangurukuru, muuza jezi wa sokoni, mwenye kibanda cha kuonyesha mechi kule Kilwa Kivinje, wote hao mapato yao hupanda au kushuka kufuatana na mambo mawili: kama Namungo itabaki Ligi Kuu, na kama mechi zake za nyumbani zitachezwa nyumbani kweli.

Tuseme mapema kwamba hisa za Namungo haziuzwi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na hakuna klabu ya soka nchini ambayo hisa zake zinauzwa huko. Kwa hiyo mwekezaji mdogo hawezi kununua kipande cha timu. Anachoweza kununua ni vitu vinavyoizunguka: vitanda, viti vya basi, mchele, samaki, vitambaa vya rangi. Na vitu hivyo vinahitaji makadirio kama zao lolote.

Makadirio yetu ni kwamba timu hii ina uwezo wa kumaliza katikati ya msimamo, si zaidi sana na si chini sana. Lakini litakaloamua ni kiasi cha fedha kitakachokuwa kimekusanywa kabla ya mwezi Januari. Tutaeleza kwa nini.

Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikiwa pamoja na Polisi Tanzania. Msimu wake wa kwanza, 2019/20, ilishika nafasi ya nne katika ligi ya timu 20, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa Sumbawanga Agosti 2, 2020, ambako ilifungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya kombe la Shirikisho barani Afrika ikaenda Ruangwa. Huko ikaitoa Al Hilal Obeid ya Sudan kwa jumla ya mabao 5-3, kisha Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya 7-5, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam baada ya msafara wa Namungo kuwekwa karantini Luanda kwa sababu ya corona. Ikaingia hatua ya makundi na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikapoteza mechi zote sita.

Wapenzi wa kandanda wanakumbuka vipigo. Mfanyabiashara akumbuke kwamba timu iliyoshika mkia wa kundi wakati ule ilistahili kulipwa dola 275,000 za Marekani, fedha ambayo timu ya wilaya haiwezi kuipata mlangoni hata kwa miaka kadhaa. Na akumbuke pia kwamba mechi zile za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam. Hoteli zilizojaa zilikuwa za huko, na Ruangwa ilibaki kutazama kwenye luninga.

Msimu wa 2025/26 uliikuta timu bado Ligi Kuu, ukiwa wa saba mfululizo. Kwa timu iliyobeba jina la kijiji cha machimbo, hilo si jambo dogo. Polisi Tanzania, waliopanda nayo, walishuka 2023. Ndanda ya Mtwara, iliyoishi kwa uchumi uleule wa korosho na iliyokuwa ikitajwa kila mara kwa ukata, ilishuka 2020, yaani msimu uleule ambao Namungo ilikuwa ya nne.

Sasa tuje kwenye kalenda.

Ligi huanza Agosti au Septemba na kumalizika Mei au Juni. Fedha ya mkoa wa Lindi nayo ina mwendo wake. Ufuta huanza kuvunwa kuelekea katikati ya mwaka na minada yake huendelea katika miezi ya Juni na Julai. Korosho huingia maghalani Septemba na Oktoba, nayo hupigwa mnada kuanzia Oktoba hadi karibu na mwisho wa mwaka, kupitia vyama vikuu viwili: RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa Kilwa, Lindi na Mtama. Chini ya stakabadhi ghalani mkulima halipwi siku anapopeleka mzigo. Hulipwa baada ya mnada, kwa njia ya benki. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Ruangwa huzijua wiki za malipo kama wavuvi wa Kilwa Masoko wanavyoyajua maji ya bamvua.

Ukiweka kalenda hizi mbili pamoja utaona kwamba usajili wa wachezaji huangukia wakati wa ufuta, na mzunguko wa kwanza wa ligi huangukia wakati wa korosho. Mzunguko wa pili, kuanzia Januari au Februari hadi Mei, huangukia wakati ambao mkoa mzima hauna kitu mfukoni. Ada za shule zimelipwa, chakula kinanunuliwa dukani, mashamba yanadai palizi, na mvua za masika zinanyesha. Timu hucheza mechi zake ngumu kabisa, zile za kutafuta pointi za kubaki, wakati ambao wateja wake ni maskini kuliko miezi yote ya mwaka.

Gharama hazijui hilo. Mishahara ya Machi ni ileile ya Novemba. Dirisha dogo la usajili huja katikati ya msimu, na timu iliyoyumba hulazimika kununua mshambuliaji wakati huo. Safari za Mwanza na Mbeya hazipungui bei kwa sababu korosho zimekwisha. Hivyo klabu ya Ruangwa ni sawa na mwenye duka la vifaa vya shule: asipoweka akiba ya msimu wa mauzo, miezi mingine atauza viti.

Msomaji anayeifahamu historia atauliza: mbona Namungo ilipanda daraja katika msimu wa 2018/19, ambao ndio ulikuwa mbaya kuliko yote kwa korosho? Ni kweli. Mwaka 2018 wanunuzi walitaja bei ndogo, Serikali ikaingilia kati Novemba na kuamua kununua kwa Sh3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Lakini Daraja la Kwanza wakati ule lilichezwa kwa makundi mawili, safari zilikuwa chache na mishahara midogo. Ligi Kuu ni mzigo wa uzito mwingine. Mtu anaweza kupanda mnazi akiwa na njaa. Kukaa juu yake mwaka mzima ni habari nyingine.

Mapato ya timu ya daraja hili hutoka sehemu tatu au nne. La kwanza ni fedha ya matangazo. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, na sehemu ya fedha hiyo hugawanywa kufuatana na nafasi ambayo timu imemaliza. La pili ni udhamini. Benki ya NBC ndiyo imelipa jina la ligi, na Namungo yenyewe imewahi kuvaa jina la SportPesa kifuani. La tatu ni mlango. La nne ni watu wenye mapenzi mema, ambao hatuwezi kuwaweka kwenye mizania.

Fedha ya matangazo ndiyo msingi, kwa kuwa hufika hata mvua ikinyesha. Udhamini hutegemea mkataba mmoja mmoja. Mlango ndio unaowagusa wasomaji wetu moja kwa moja, kwa hiyo tuufanyie hesabu. Chukua kwa mfano tu watu 4,000 kwa tiketi ya Sh5,000. Hiyo ni Sh20 milioni. Toa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iliyomo ndani ya bei, zinabaki karibu Sh16.95 milioni, na hapo hujakata haki za uwanja, wasimamizi, walinzi na uchapishaji wa tiketi. Siku ya timu ndogo, wakija watu 600 kwa Sh3,000, mlango mzima ni Sh1.8 milioni. Basi moja la kwenda Kanda ya Ziwa na kurudi linaweza kuimeza fedha hiyo lisishibe.

Kwa maneno mengine, kati ya mechi 15 za nyumbani, mbili ndizo zenye fedha ya maana: ile ya Simba na ile ya Yanga. Azam ni ya tatu kwa mbali. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kulitazama katika ratiba, kabla ya jina la kocha au la mshambuliaji mpya, ni mwezi ambao timu hizo mbili zitakuja kusini. Yanga walicheza na Namungo Lindi mjini Novemba 20, 2021, sare ya 1-1, minada ya korosho ikiwa imepamba moto. Simba walikuja mwanzoni mwa Mei 2022, sare ya 2-2, wakati ambao mkulima wa Ruangwa alikuwa anahesabu siku hadi ufuta. Timu ni ileile, mkoa ni uleule, lakini mfuko wa mteja haukuwa uleule.

Ikiwa ratiba ya msimu ujao itazileta zote mbili kati ya Oktoba na Desemba, tungemshauri mwenye nyumba ya wageni apake rangi vyumba vyake sasa. Zikija zote mbili baada ya Februari, asikope.

Suala la uwanja halina budi kusemwa wazi. Nyumba ya Namungo ni Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa. Hata hivyo katika msimu wa 2021/22 mechi zake za nyumbani zilipelekwa Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, na mechi zile mbili tulizozitaja zilichezwa hapo. Kwa Bodi ya Ligi hili ni suala la ubora wa viwanja. Kwa soko, ni kuhamisha mauzo ya siku nzima kutoka mji mmoja hadi mwingine. Lindi mjini ina vitanda vingi zaidi na iko karibu na barabara kuu, hivyo msafiri wa kutoka Dar es Salaam anaweza kufika asubuhi na kuondoka usiku. Kilwa pia hufaidika zaidi mechi ikiwa Lindi, kwani shabiki wa Masoko au Kivinje huweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, jambo ambalo kwa Ruangwa ni taabu. Lakini timu yenyewe hupoteza. Mashabiki wa Ruangwa ndio wanaokuja hata siku ya mechi ndogo, na wachezaji wanaolala vitanda vyao hucheza vizuri kuliko wanaofika kwa basi, hata kama wanaitwa wenyeji.

Kwa hiyo mwenye kuwekeza aangalie taarifa za ukaguzi wa viwanja kabla ya ligi kuanza. Asiweke mtaji wa jezi zote Ruangwa, na asiweke wote Lindi.

Barabara nayo ni sehemu ya msimamo wa ligi, ingawa haiandikwi humo. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi mjini ni kama kilomita 450. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe kwenye mto Rufiji mwaka 2003, safari imekuwa ya siku moja badala ya bahati nasibu. Lakini mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua kubwa viliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga wilayani Kilwa, magari yakakwama siku kadhaa, na mwaka 2025 wakati wa masika Somanga ikakatika tena. Malori ya saruji yalikwama, samaki wa Kilwa walikwama, na timu yoyote iliyotakiwa kusafiri wiki hizo ilikuwa kwenye foleni hiyohiyo au ilitafuta njia ndefu ya kuzunguka Songea. Masika ni mzunguko wa pili wa ligi. Kila tunapogusa jambo, tunarudi kwenye miezi ileile.

Wako wanaosema kwamba timu yenye mwenye mali nyuma yake haina haja ya hesabu hizi. Soko la miaka ya karibuni linawapinga. Geita Gold, iliyotoka katika mji wa dhahabu, ilikuwa ya nne mwaka 2022 na ikacheza kombe la Afrika. Mwaka 2024 ilishuka daraja. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka nao mwaka huohuo wa 2024. Kagera Sugar wakafuata 2025. Dhahabu na sukari ni biashara nzuri, lakini mwenye kiwanda huangalia mizania yake kwanza, na mpira ndio mstari rahisi kufutwa.

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote kwa Ruangwa. Timu ilipanda na kuota mizizi wakati Mbunge wa jimbo hilo, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu. Uwanja una jina lake, na mapenzi yake kwa timu hayakuwa siri. Uwaziri Mkuu wake ulioanza Novemba 2015 ulimalizika Novemba 2025, na ubunge hakuugombea tena. Hatusemi kwamba timu ilikuwa ikiishi kwa cheo cha mtu. Tunasema kwamba mji wenye kiongozi wa ngazi hiyo hupata wageni, mikutano, barabara na macho ya wadhamini, na kwamba mdhamini ambaye jana alikuja mwenyewe, kesho atahitaji kufuatwa na karatasi ya mahesabu mkononi. Klabu itakayojifunza kuiandika karatasi hiyo itaishi.

Nani wa kufuatwa? Wachimbaji wa madini ya kinywe wameingia Ruangwa. Kilwa ina gesi ya Songo Songo tangu 2004 na bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko ambayo mradi wake uligharimiwa Sh266 bilioni. Wanunuzi wa korosho wapo kila Oktoba. Kuhusu mtambo wa gesi wa Likong'o, tunamwomba msomaji asiuweke kwenye bajeti ya mwaka huu wala ya klabu. Umesubiriwa miaka mingi. Mtu anaweza pia kupendekeza makato ya shilingi moja kwa kila kilo ya korosho. Hesabu yake ni nyepesi: tani 20,000 zingeleta Sh20 milioni, sawa na mlango mmoja mzuri katika mfano wetu. Kwa maoni yetu fedha hiyo haitoshi kulipia ugomvi wake, kwani mkulima ana makato ya kutosha kwenye stakabadhi yake.

Kuhusu benchi la ufundi tutasema machache. Kati ya 2023 na 2024 timu ilipita mikononi mwa Cedric Kaze, Denis Kitambi, Mwinyi Zahera na kisha Juma Mgunda. Makocha wanne ni mikataba minne, na kila mmoja huja na orodha yake ya wachezaji. Klabu yenye mtaji mdogo haipaswi kubadilisha kocha kama mtu anayebadilisha wasambazaji wa unga. Tukisikia kwamba kocha amebaki na nahodha amebaki, tutaongeza makadirio yetu kwa nafasi mbili.

Lengo la pointi si siri. Kwa utaratibu wa ligi ya timu 16 yenye mechi 30, timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja na mbili zinazofuata juu yake huingia kwenye mchujo. Ikishinda 6 na kutoka sare 5 katika mechi 15 za nyumbani, Namungo itakuwa na pointi 23. Ikiokota 10 ugenini itafika 33, na hapo italala usingizi. Ikiwa mwisho wa Desemba itakuwa na pointi 18 au zaidi na mishahara imelipwa, tunaiona kati ya nafasi ya saba na ya kumi. Ikiwa na 12 na kuna minong'ono ya mishahara, wenye vibanda vya mechi Kilwa waanze kuuza zaidi mechi za Ulaya.

Ratiba ikitoka, wenye mabasi na mama lishe wa Nangurukuru watazame kwanza tarehe za Simba na Yanga, halafu waziweke kando ya tarehe za minada ya RUNALI na Lindi Mwambao. Jezi zisiagizwe zote Agosti. Theluthi moja inatosha kuanzia, na zilizobaki ziagizwe wiki ya malipo ya kwanza ya korosho, wakati ambao mteja wa Ruangwa haulizi bei mara mbili.